Uvimbe Umetolewa, Mbona Bado Naitwa Kliniki?

Swali hili huulizwa kila mahali penye mgonjwa wa saratani, ila Isiolo lina uzito wake. Mtu amepasuliwa Nairobi, kidonda kimefunga, amerudi nyumbani Bula Pesa au Kinna. Anakula, anatembea, jamaa na majirani wamekuja kumjulia hali na kumshukuru Mungu pamoja naye. Kisha anaitazama kadi: rudi baada ya miezi 3. Hapo ni nauli ya watu wawili, pa kulala, na pesa za vipimo. Anauliza, na ana haki ya kuuliza: kama uvimbe umetolewa, narudi kufanya nini? Wengine huongeza kwa sauti ya chini: kuna jambo wananificha?

Sura hii inawajibu watu wenye uvimbe wa aina moja, uvimbe wa neuroendokrini, ambao hospitalini hufupishwa kuwa NET. Ni ugonjwa ambao mtu anaweza kuishi nao miaka 10, hata 20, kwa hiyo sehemu kubwa ya matibabu yake hufanyika nyumbani, mbali na daktari aliyepasua. Naamini kwa dhati kwamba mgonjwa wa Isiolo anaweza kufuatiliwa vizuri bila kumaliza mifugo kwa ajili ya nauli. Sharti ni kwamba kazi igawanywe ipasavyo kati ya Isiolo, Meru na Nairobi, na mgawanyo huo uandikwe.

Ni uvimbe wa namna gani?

Mwili umejengwa kwa seli, vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Baadhi ya seli hizo hupokea ujumbe wa neva, kisha hujibu kwa kumwaga homoni. Homoni ni kemikali inayosafiri ndani ya damu kupeleka maagizo: sukari ishuke, tumbo lisage, utumbo usukume. Seli za neuroendokrini zimetawanyika tumboni, utumboni, mapafuni na kwenye kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo kinachotengeneza insulini. Zikianza kuzaana ovyo, huwa NET.

Mwaka 1907 daktari Mjerumani, Siegfried Oberndorfer, aliyefanya kazi Munich, aliupa uvimbe huu wa utumbo jina lenye maana ya “unaofanana na saratani”, kwa kuwa aliuona hauna madhara. Mwaka 1929 alirekebisha kauli yake: baadhi ya uvimbe huo husambaa. Tangu hapo madaktari wamejifunza kutoudharau hata unapokwenda polepole.

Upole huo ndio unaowachanganya watu. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aligunduliwa na NET ya kongosho mwaka 2003 akafariki mwaka 2011. Magazeti mengi yaliandika tu “saratani ya kongosho”, ingawa ile ya kawaida mara nyingi huua ndani ya mwaka mmoja hivi. Mwimbaji Aretha Franklin, aliyefariki mwaka 2018, naye alikuwa na NET ya kongosho. Kwa hiyo ukisikia jirani alifariki kwa saratani ya kongosho katika miezi michache, usichukue hesabu yake ukaifanya yako. Uliza kwanza yako ni ya aina gani.

Uliza pia daraja lake. Kinyama kilichokatwa hupelekwa maabara, na huko huhesabiwa ni seli ngapi kati ya 100 zinazogawanyika. Kipimo hicho huitwa Ki-67. Chini ya asilimia 3 ni daraja la 1, asilimia 3 hadi 20 ni daraja la 2, zaidi ya 20 ni daraja la 3. Nambari hiyo moja huamua mengi kuhusu kasi ya ugonjwa na mara ngapi utaitwa kliniki, na bado nimeona faili nene zisizokuwa nayo. Idai.

Kwa nini hugunduliwa kwa kuchelewa

Madaktari wa Marekani hufundisha wanafunzi wao kwamba ukisikia vishindo vya kwato, mfikirie farasi kwanza, usimfikirie punda milia. Maana yake, tafuta ugonjwa wa kawaida kabla ya ule wa nadra. Wagonjwa wa NET duniani wakamchagua punda milia awe alama yao, na huivaa kila tarehe 10 Novemba, siku ya kimataifa ya ugonjwa huu. Kwa mtu wa Isiolo msemo huo una kasoro iliyo wazi. Vishindo vya kwato ukivisikia katika hifadhi za Buffalo Springs au Shaba, huenda kweli ni punda milia, tena yule wa Grevy mwenye mistari myembamba, ambaye wengi wa waliobaki duniani wako kaskazini mwa Kenya. Ningependa wahudumu wetu wa afya waanzie hapo: nadra haina maana ya haipo.

Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2019 uliowahoji wagonjwa wa nchi nyingi ulionyesha kwamba, kwa wastani, huchukua karibu miaka 5 tangu dalili kuanza hadi NET kutajwa. Sababu inaeleweka. Mtu anaharisha, anapewa dawa ya ameba. Tumbo linauma, anaambiwa ni taifodi au vidonda vya tumbo. Anatokwa jasho na kuchoka, anatibiwa brusela, ugonjwa unaopatikana kweli kwa wanaokunywa maziwa mabichi. Kifua kinabana, ni pumu. Mama wa miaka 50 anahisi joto usoni, anaambiwa ni umri wa kukoma hedhi.

Joto hilo la ghafla ni dalili ya baadhi ya NET zinazomwaga homoni iitwayo serotonini pamoja na kemikali nyingine. Vitabu vingi husema uso “huwa mwekundu”. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona. Mgonjwa husikia moto usoni na kifuani, mara nyingi bila jasho, kwa dakika chache. Katika mji wenye jua la Isiolo, nani atashangaa ukisema unasikia joto? Atakayeshangaa ni yule utakayemwambia kwamba lilikujia saa kumi alfajiri, kukiwa na baridi.

*Kwa ufupi: NET hutokana na seli zinazotoa homoni, mara nyingi hukua polepole, na dalili zake hufanana na za magonjwa tunayoyajua. Aina yako na daraja lako ndivyo vitu viwili vya kwanza kuvijua.*

Basi narudi kufanya nini?

Niseme kwanza kwamba si wote wanaorudi. Uvimbe mdogo wa kidole tumbo, chini ya sentimita 1, ukitolewa wote kwa kawaida huhesabiwa umepona, na mtu hahitaji kufuatiliwa. Wako watu wanaoishi kwa hofu miaka mingi kwa kuwa hawakuambiwa jambo hilo.

Kwa wengine, NET inaweza kurudi baada ya miaka mingi ya kimya, hasa kwenye ini. Ndiyo maana miongozo mingi hushauri kuonwa kila miezi 3 hadi 6 mwanzoni, kisha kila miezi 6 hadi 12, kwa angalau miaka 10. Uvimbe unaorudi ukionekana ukiwa mdogo, bado kuna la kufanya: kupasua tena, kuchoma vipande vilivyo kwenye ini, au kuanza dawa kabla dalili hazijakulaza. Anayerudi akiwa amekonda na macho ni ya manjano huwa amepoteza sehemu ya nafasi hizo.

Vipimo ni vya aina tatu. Kwanza picha: ya CT au MRI, na wakati mwingine PET, mashine inayoonyesha seli zinavyofanya kazi, si umbo la kiungo peke yake. Mashine za PET ziko Nairobi katika hospitali ya Aga Khan, na pia katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Pili ni damu na mkojo. Kipimo cha damu kiitwacho kromogranini A hupanda NET inapokua, lakini hupanda pia kwa mtu anayemeza omeprazole, dawa ya asidi inayouzwa katika kila duka la dawa. Ukiimeza bila kusema, unaweza kusikia kwamba ugonjwa umerudi kumbe ni kidonge. Mwambie daktari, na usiiache bila ruhusa yake, maana kuna wagonjwa wanaoihitaji kweli. Kipimo cha mkojo wa saa 24 hupima mabaki ya serotonini, nacho hupotoshwa na chakula. Siku 3 kabla yake, acha ndizi mbivu, parachichi, nanasi na nyanya. Kwa anayenunua matunda yanayoshuka kila asubuhi kutoka Meru, hilo ni karibu nusu ya kapu.

Tatu ni moyo. Ini lenye afya huivunja serotonini itokayo utumboni. Uvimbe ukishahamia kwenye ini, homoni hupita moja kwa moja hadi upande wa kulia wa moyo na kukakamaza vali, vile vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma. Mwenye NET inayomwaga homoni anahitaji kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Miguu ikivimba na pumzi kukatika ukipanda ngazi, usingoje mwaka uishe.

Isiolo, Meru, Nairobi: nani afanye nini

Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni kama kilomita 285 kupitia Nanyuki na Karatina. Meru ni kama kilomita 50. Anayetoka Merti au Garbatulla bado ana safari nyingine kabla ya kufika mjini Isiolo, na mvua ikinyesha barabara hukatika. El Niño ya mwishoni mwa 2023 ilituonyesha hivyo.

Kupima uzito, presha, sukari, damu ya kawaida, figo na ini, pamoja na kuchomwa sindano, ni kazi ya Isiolo. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo haihitaji mtaalamu wa saratani kwa hayo. Inahitaji barua inayosema nini kipimwe na matokeo yapelekwe kwa nani. Meru ina kliniki ya saratani inayoweza kumwona mgonjwa aliyetulia. Nairobi ibaki kwa picha kubwa, upasuaji na maamuzi mapya. Tangu Septemba 2023 serikali imeweka wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchini, wengi wakiwa na mashine ya presha, kipimo cha sukari na mizani. Aliye kijijini kwako anaweza kukupima uzito kila mwezi, na kilo zinazopungua husema mapema kuliko maumivu.

Usitoke hospitali ya Nairobi bila karatasi yenye mambo haya:

– aina ya uvimbe, ulipoanzia, daraja na Ki-67;
– nini kilitolewa na nini kilibaki;
– dawa, kipimo chake, na tarehe ya sindano inayofuata;
– vipimo vya kufanyiwa Isiolo au Meru, na kila baada ya muda gani;
– dalili za kukurudisha haraka, na simu ya kliniki ya kupigiwa.

Ipige picha kwa simu umtumie mtoto au ndugu unayemwamini. Karatasi hupotea, hasa kwa watu wanaohama na mifugo.

Kuhusu sindano: wengi wenye NET hupewa oktreotidi au lanreotidi, dawa zinazozuia uvimbe kumwaga homoni na kupunguza kasi ya kukua kwake. Huchomwa kila baada ya siku 28, na zinatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ukiinunua Nairobi, ibebe kwenye kisanduku cha baridi, isigusane na barafu, maana ikiganda imeharibika. Mpigie mfamasia wa Isiolo mapema ili akuwekee kwenye friji yake. Mvua zikikaribia, muulize daktari kama unaweza kuchomwa siku chache kabla ya tarehe, usije ukakwama ng'ambo ya mto bila dawa. Dawa hizi huweza kuleta mawe kwenye kifuko cha nyongo, kupandisha sukari na kufanya choo kiwe na mafuta. Hayo yana tiba, ilimradi useme.

Gharama ndiyo inayovunja wengi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Fungu la saratani lina kikomo kwa mwaka na ni la familia nzima, kwa hiyo muulize afisa wa SHA hospitalini limebaki kiasi gani kabla ya kupangiwa vipimo vya gharama kubwa.

Kuna pia suala la India. Familia huitisha harambee, ngamia wanauzwa, mgonjwa anasafirishwa akatibiwe kwa lutesiamu, dawa ya mionzi inayodungwa kwenye mshipa na kwenda kushika uvimbe. Tiba hii, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ni nzuri kwa yule inayemfaa. Lakini hufanya kazi pale tu ambapo seli za uvimbe zina vipokezi, yaani vishikizo vya kuidaka, na picha maalumu ya PET ndiyo inayoonyesha kama vipo. Kabla mnyama wa kwanza hajafika mnadani, familia imuulize daktari kama vishikizo vimethibitishwa. Inaniuma kuona zizi limebaki tupu kwa swali ambalo halikuulizwa.

*Kwa ufupi: vipimo vya kawaida na sindano vifanyike karibu, picha na maamuzi makubwa yafanyike mbali, na karatasi moja iviunganishe.*

Maisha kati ya kliniki na kliniki

Watafiti wa Ulaya walipotaka kupima ubora wa maisha ya wenye NET, waliandaa orodha ya maswali 21. Humo wanauliza kuhusu joto la ghafla, jasho la usiku, tumbo kujaa gesi, usumbufu wa sindano, wasiwasi, na kama ugonjwa unakuzuia kusafiri. Ukubwa wa uvimbe hauulizwi popote. Hilo ni jambo la haki, kwa kuwa picha inaweza kuonyesha uvimbe umetulia huku mtu hawezi kupanda matatu.

Kuharisha ndiko kunakowafungia wengi nyumbani. Anayeharisha mara sita kwa siku haogopi saratani asubuhi ya safari. Anaogopa njia kati ya Isiolo na Nanyuki. Wengi hushinda na njaa ili tumbo litulie, nao huzidi kudhoofika. Mueleze daktari, kwa sababu kuharisha huku kuna sababu tofauti na kila moja ina dawa yake. Ikiwa ni homoni, sindano huongezwa. Ikiwa choo kinaelea na kina mafuta, huenda kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha, na kuna vidonge vya kuvifidia. Ikiwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ilikatwa, nyongo hukwaruza utumbo mpana, nayo ina dawa. Sehemu hiyo ya utumbo mwembamba ndiyo pia inayofyonza vitamini B12, na aliyekatwa anaweza kuhitaji sindano ya vitamini hiyo maisha yote, sindano ya bei nafuu ambayo kliniki ndogo inaweza kuitoa. Mwambie dereva kabla ya gari kuondoka kwamba utahitaji kusimama. Wengi wana huruma wakiambiwa mapema. Katika joto letu, beba maji na pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini.

Chakula: kula kidogo mara nyingi. Pilipili, pombe, na sahani kubwa yenye mafuta huchochea joto la uso na tumbo. Nyirinyiri ni chakula cha heshima, lakini ile samli nyingi ionje badala ya kushiba. Maziwa ya ngamia yanalisha vizuri, yachemshe. Wanaoyauza kama tiba ya saratani usiwasikilize. Miraa huondoa hamu ya kula na usingizi na kuharakisha moyo, vitu vitatu ambavyo mgonjwa anayekonda hawezi kumudu.

Ramadhani huleta maswali mengi kuliko mwezi wowote. Mwenye insulinoma, NET ya kongosho inayomwaga insulini, sukari yake hushuka akikaa na njaa, na anaweza kuzimia au kupata degedege. Yeye asifunge. Anayeharisha sana naye yuko hatarini kukaukiwa maji. Dini imemruhusu mgonjwa kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona kutoa fidia ya kulisha maskini. Najua wazee wanaoona aibu kula mchana mbele ya wajukuu. Mtoto wa nyumba awatangulie kwa sheikh na kwa daktari, ili mzee asibebe uamuzi huo peke yake.

Moyo pia huchoka. Siku za kungoja majibu ya picha ni nzito kwa wengi kuliko upasuaji wenyewe. Kwa nje unaonekana mzima, na watu huanza kusema unajidekeza. Tafuta mtu mmoja wa kuambiwa ukweli wote.

Ukipasuliwa tena, hata jino

Mwenye NET inayomwaga homoni akipewa dawa ya usingizi, uvimbe unaweza kumwaga homoni nyingi kwa mkupuo: presha inaporomoka au kupaa, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio. Hatari hii hupunguzwa kwa kuwa na oktreotidi tayari kabla ya upasuaji. Anayepaswa kusema ni wewe, hata kama umepelekwa kwa kuvunjika mguu barabarani au kujifungua. Andika kwenye kadi ngumu: “Nina NET inayotoa homoni. Wasiliana na daktari wangu kabla ya dawa ya usingizi.” Iweke pamoja na kitambulisho. Daktari wa meno aione pia, kwa kuwa baadhi ya sindano zake za ganzi zina adrenalini, ambayo inaweza kuchochea hali hiyo.

Hospisi si chumba cha mwisho

Neno hospisi likitajwa, familia nyingi huanza kulia. Kenya imekuwa na Nairobi Hospice tangu mwaka 1990, na Meru nayo ina hospisi yake, iliyo karibu zaidi na watu wa Isiolo. Kazi yao ni huduma shufaa, yaani kupunguza maumivu, kichefuchefu, hofu na mzigo wa familia, na inaweza kwenda sambamba na sindano na vipimo. Mwenye NET anaweza kuhudumiwa miezi kadhaa, akatulia, akarudi dukani kwake. Mofini ya maji ikitolewa kwa kipimo huwawezesha wengi kulala na kuongea na watoto wao.

Nenda huko na yule anayekuhudumia, mara nyingi binti au mke ambaye hakuna anayemuuliza yeye anaendeleaje. Wauguzi watamfundisha kupima dozi, kutunza ngozi ya mtu anayelala sana, kupika kwa ajili ya tumbo lisilotulia, na kutambua hali ipi ingoje asubuhi na ipi apige simu usiku huohuo.